Usifute video asilia kabla filamu yako haijakamilika

WENGI wanaohariri video za harusi au mazishi nyumbani hupatwa na fadhaa moja: wanaifungua kazi yao na kukuta fremu tupu mahali palipokuwa na picha.

Kiini cha tatizo ni faili ya mradi. Faili hiyo haibebi picha wala sauti. Ni maelekezo tu yanayoieleza programu video iko wapi, ikatwe wapi na iunganishwe vipi. Ikiwa video imehamishwa, irejeshe ilikokuwa au uielekeze programu mahali papya. Ikiwa imefutwa na hakuna nakala, mradi hauwezi kuiokoa.

Kwa hivyo, kabla ya kuanza, weka video, picha na muziki katika folda moja, kisha uinakili kwenye diski nyingine. Ukimaliza, toa filamu kamili, kwa mfano ya MP4, na uitazame mwanzo hadi mwisho kabla ya kufuta chochote.

Flashi ikikataa filamu ilhali ina nafasi, huenda inatumia mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayofika GB 4. Hamisha vilivyomo, kwani kufomati hufuta kila kitu, halafu uifomati kwa exFAT.

Nayo sauti ikipishana na midomo, fahamu kwamba simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayobadilikabadilika. HandBrake, programu isiyolipiwa, huweza kuifanya kasi hiyo iwe thabiti kabla hujaanza kuhariri.