Upigaji picha wa mbwa katika studio

Upigaji picha wa mbwa katika studio ni kazi ya kupiga picha za mbwa ndani ya chumba chenye taa maalumu. Ugumu wake mmoja hutokana na mwanga unaoakisiwa.

Kipima mwanga cha kamera hukadiria kwamba picha nzima ina rangi ya kijivu cha wastani. Ukuta wa nyuma ukiwa mweupe, kamera hupunguza mwanga, na mbwa mweusi huonekana kama kivuli kisicho na macho wala manyoya. Hivyo mpiga picha huongeza mwanga mwenyewe, na humweka mbwa mbali na ukuta ili mng'ao wake usimfikie.

Sakafu ya kioo huakisi taa, kwa hiyo taa huwekwa pembeni. Nyuma ya retina ya mbwa pia kuna utando unaorudisha mwanga; flashi iliyo karibu na lenzi huyafanya macho yang'ae. Tena kioo huteleza, na mbwa akiteleza huogopa. Huachwa kwanza akizoee.

Kanuni hizo hufaa pia nje ya studio. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera (Tanzania), ukuta wa chokaa au bati jipya juani huleta tatizo lilelile.