Pikipiki Ndogo, Barabara Kubwa: Kila Ndege Huruka kwa Ubawa Wake

Kila alfajiri, kabla jua halijachomoza, barabara kuu zinazoingia Nairobi hujaa watu walio mbioni kuwahi kazi. Wako wanaotoka Thika, wako wanaotoka Kitengela, na wako wanaoteremka kutoka Limuru na baridi yake. Wengi hupanda matwana. Lakini si haba walioamua kununua pikipiki ndogo, wapate kuepukana na nauli zinazopanda kila mvua inaponyesha.

Uamuzi huo haustahili kulaumiwa. Pikipiki hula mafuta kidogo, haihitaji nafasi kubwa ya kuiegesha, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya gari. Hata hivyo, liko swali moja ambalo wanunuzi wengi hawajiulizi mpaka wamekwisha kulipa: je, pikipiki hii iliundwa kwa kazi ninayotaka kuipa?

KAZI YA BODA BODA

Sote twajua asili ya boda boda. Ilianza kwa baiskeli katika mpaka wa Kenya na Uganda huko Busia, miaka ya 1960, zikivusha watu na mizigo kutoka upande mmoja hadi wa pili. Baadaye baiskeli zilizipisha pikipiki za kutoka India na Uchina, na leo hakuna soko wala kituo cha mabasi kisichokuwa nazo.

Pikipiki hizo zinasifiwa, na zinastahili sifa. Hubeba abiria, gunia la viazi na kreti ya soda, zikapanda mlima wenye matope bila kulalamika. Lakini siri yake ni kwamba gia zake zimepangwa kwa ajili ya kuvuta mzigo polepole. Ukiipeleka kwenye barabara ya lami, ukataka iende kilomita 90 kwa saa kwa muda wa saa nzima, umeitwika punda kazi ya farasi.

Wengi huinunua kwa sababu jirani anayo na vipuri vyake vimejaa kila mahali, tangu Kirinyaga Road hadi duka la kijijini. Hiyo ni sababu nzuri, lakini peke yake haitoshi.

ADUI NI UPEPO

Mtu akikwenda kilomita 30 kwa saa mjini, anachopigana nacho zaidi ni uzito. Akifika kilomita 80 au 90, adui yake mkubwa ni hewa. Hesabu yake ni ya kushangaza. Ukiongeza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 90, mwendo umeongezeka kwa nusu tu. Lakini upepo unakusukuma kwa nguvu zaidi ya mara mbili, na injini inatakiwa kutoa nguvu zaidi ya mara tatu ili kuushinda.

Isitoshe, sisi wa bara tuna jambo jingine la kukumbuka. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Limuru iko juu zaidi. Huko hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja kwa kila kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopanda. Pikipiki inayojivunia nguvu za farasi 10 huko Mombasa, ikifika Nairobi imebaki na nane na ushei. Na anayetoka Thika, iliyo karibu mita 1,500, hupanda kidogo kidogo kila asubuhi akielekea mjini, hata kama jicho halioni mlima.

Hii ndiyo sababu pikipiki ya sisi 100 inaweza kufika kilomita 80 kwa saa kwenye tambarare, kisha ikapungukiwa mara tu inapokutana na mwinuko au upepo wa mbele. Dereva amekwisha kuuvuta mkono wa mafuta hadi mwisho na hana akiba yoyote. Nyuma yake lori linapiga honi.

Msomaji asidhani akiba hiyo ni ya kujionyesha. Ni akiba ya kujiokoa. Kwa safari ya aina hii, pikipiki ya sisi 125 ndiyo ya chini kabisa kwa mtu mmoja asiye na mzigo, na sisi 150 au 160 ndiyo inayofaa. Dalili ya kweli si namba ya mwisho iliyochorwa kwenye saa ya mwendo. Nenda kilomita 80 kwa saa, kisha uhisi mkononi: je, yapo mafuta ya kuongeza bado? Kama hayapo, hiyo si pikipiki ya njia kuu.

INJINI NA TABIA ZAKE

Mwaka wa 1976 kampuni ya Honda ilitoa pikipiki iitwayo CG125. Mainjinia wake walikuwa wamegundua kwamba katika nchi nyingi watu hawakuwa wakizitunza pikipiki kama kitabu kilivyoagiza. Basi waliunda injini ambayo vali zake husukumwa na vijiti virefu kutoka chini, injini isiyo na makuu na yenye kuvumilia vumbi na uzembe. Ilifaulu mno, na viwanda vya Uchina viliiga muundo wake tena na tena. Pikipiki nyingi za bei nafuu tuzionazo leo ni wajukuu wa injini ile.

Uvumilivu wake unatokana na kutokimbizwa. Injini ya namna hiyo ikilazimishwa kuzunguka kwa kasi ya juu saa nzima kila siku, hupata joto, hula oili na huchakaa mapema. Kwa safari ndefu ni heri injini ambayo vali zake zinaendeshwa kutoka juu, yenye gia tano badala ya nne, ili gia ya mwisho iipumzishe.

Mafundi wengine watakushauri ubadilishe gia ndogo ya mbele inayovuta cheni, uweke yenye meno 15 badala ya 14. Ni kweli kwamba injini itazunguka pole zaidi, kama sehemu saba kwa mia. Lakini kama injini yenyewe ni dhaifu, faida hiyo utailipia kwenye kila mlima. Meno ya cheni hayazalishi nguvu isiyokuwapo.

KUSIMAMA NI MUHIMU KULIKO KUKIMBIA

Kwa kilomita 90 kwa saa, pikipiki hula mita 25 kila sekunde. Gari lililo mbele likisimama ghafla, nawe ukachukua sekunde moja tu kushtuka, umekwisha kupita mita 25 kabla kidole hakijagusa breki. Tena nguvu inayopaswa kuzimwa katika mwendo huo ni mara nne ya ile ya kilomita 45.

Kwa hiyo angalia gurudumu la mbele kabla ya kuangalia rangi ya tangi. Breki ya diski mbele ni lazima, kwani breki za ngoma hulegea zikipata moto. Kama mfuko unaruhusu, tafuta yenye ABS, yaani mtambo unaozuia gurudumu lisikwame likateleza. India iliamuru tangu Aprili 2019 kwamba pikipiki mpya zinazouzwa huko zenye zaidi ya sisi 125 ziwe na mtambo huo. Lakini sheria hiyo ni ya India. Jina moja linaweza kuuzwa huku bila mtambo ulioko kule, basi mnunuzi na aulize na aonyeshwe.

Matairi nayo yasiwe membamba kama ya baiskeli. Basi kubwa likikupita kwa kasi, upepo wake hukusukuma kando kisha hukuvuta ndani, na pikipiki nyepesi yenye tairi jembamba huyumba kama mlevi. Tairi lisilo na tyubu lina faida zaidi, kwani likichomwa na msumari kwa kawaida hutoa pumzi polepole, likakupa nafasi ya kujiweka kando.

Jambo hili lawahusu hasa watu wa Kitengela na Mlolongo. Barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa mwaka wa 2022 hairuhusu pikipiki. Wao hubaki chini, katika Barabara ya Mombasa, pamoja na malori.

HESABU YA NUSU LITA

Wako watakaosema, "Maneno ni mazuri, lakini sisi 150 itanimalizia mshahara." Haya, na tuhesabu. Tuseme mtu husafiri kilomita 90 kwa siku, kwenda na kurudi. Pikipiki ya sisi 100 ikienda kilomita 60 kwa lita, itatumia lita moja na nusu. Ya sisi 150 ikienda kilomita 45 kwa lita, itatumia lita mbili. Tofauti ni nusu lita. Tena tofauti hiyo hupungua, maana injini ndogo inayokamuliwa hadi mwisho hula kuliko ilivyozoea.

Je, nusu lita ya petroli yatosha kuwa bei ya kukosa pumzi mbele ya lori? Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Mwisho, usinunue kwa kuiona imesimama dukani. Omba kuijaribu kwenye lami, ukiwa na uzito wako na mkoba wako. Keti uone kama mgongo utastahimili saa nzima. Washa taa yake gizani, kwani wengi hurudi nyumbani jua limekwisha kuzama. Ukikwisha kuinunua, oili yake ibadilishwe mapema kuliko ya jirani yako, kwa sababu injini ndogo hubeba kama lita moja tu, na lita hiyo ndiyo inayolainisha hata gia. Cheni ikazwe na kupakwa mafuta kila wiki. Kofia ngumu na koti la kung'aa visikosekane hata siku moja.

Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Ubawa wa boda boda ni wa sokoni na vichochoroni, na huko hauna mshindani. Anayekwenda mbali na kwa kasi, na atafute ubawa wa kumfikisha kazini, na jioni umrudishe kwa watoto wake.