Malipo ya ulemavu wa jeshini: Kwa nini cheti pekee hakitoshi

WANAJESHI wastaafu wa Tseikuru na sehemu nyingine za Kaunti ya Kitui wanaodai malipo kwa ulemavu walioupata kazini hutakiwa kuthibitisha mambo matatu. Mara nyingi ni la tatu linalowakwamisha.

La kwanza ni kwamba mdai ana jeraha au ugonjwa sasa. La pili ni kwamba alipokuwa jeshini kulitokea jambo fulani, kama vile mlipuko, ajali ya gari au kelele za mizinga kwa miaka mingi. La tatu ni kwamba jambo hilo ndilo lililosababisha au kuzidisha madhara aliyo nayo. Hilo halithibitishwi kwa kiapo cha mdai peke yake. Linahitaji maoni ya daktari yenye sababu.

Suala hili lina uzito Ukambani, ambako vijana wamejiunga na jeshi kizazi baada ya kizazi tangu enzi za King's African Rifles, kikosi cha wakoloni kilichopigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Tangu Kenya ilipotuma wanajeshi Somalia mnamo Oktoba 2011, baadhi yao wamerejea na majeraha ya risasi na milipuko, na wengine na kiwewe kisichoonekana kwa macho.

Mfanyakazi wa kawaida anayeumia kazini hulindwa na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007. Sheria hiyo, hata hivyo, inawatenga wanajeshi waziwazi. Madai yao hufuata sheria na kanuni za pensheni za jeshi, na uamuzi hutegemea sana tathmini ya madaktari.

Wengi huchanganya stakabadhi mbili. Kadi inayotolewa na Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu, baada ya mtu kupimwa hospitalini, huonyesha kwamba ana ulemavu. Haisemi ulemavu huo ulitoka wapi. Mstaafu anayewasilisha kadi hiyo pekee huwa amethibitisha jambo la kwanza tu.

Mfano mzuri ni masikio. Kelele za silaha huharibu kwanza uwezo wa kusikia sauti nyembamba, na kipimo cha kusikia huonyesha bonde katika mchoro, kati ya hezi 3,000 na 6,000. Uzee nao hupunguza usikivu, lakini mchoro wake huteremka taratibu kuelekea sauti nyembamba zaidi, bila bonde. Miaka inavyosonga, bonde la kelele humezwa na mteremko wa uzee, na daktari hushindwa kutenganisha visababishi hivyo viwili. Aliyepimwa mwaka aliostaafu ana ushahidi ambao aliyesubiri miaka 20 hawezi kuupata tena.

Kiwewe cha vita ni kigumu zaidi kwa kuwa dalili zake, kama vile jinamizi na kushtuka ovyo, zinaweza kujitokeza miezi au miaka kadhaa baada ya tukio. Hapa maelezo ya mke, ndugu au askari waliohudumu pamoja na mdai humsaidia daktari kujua mabadiliko yalianza lini.

Mahakama nazo husisitiza ushahidi. Mwaka 2009, Mahakama Kuu ilikataa kesi ya wanajeshi wa zamani waliosema waliteswa baada ya jaribio la mapinduzi la 1982. Ilikiri kwamba malalamiko hayo huenda ni ya kweli, lakini ikasema haiwezi kuamua kwa madai matupu. Kuchelewa kwao kwa miaka 24 pia kuliwaponza.

Baadhi ya nchi zimempunguzia mdai mzigo huo. Nchini Uingereza, kwa majeraha ya kabla ya Aprili 6, 2005, mwanajeshi anayedai ndani ya miaka saba tangu aondoke jeshini hahitaji kuthibitisha chanzo. Ni juu ya serikali kuonyesha kwamba utumishi haukuhusika. Marekani nayo ilipitisha sheria mwaka 1991 inayochukulia baadhi ya magonjwa ya waliopigana Vietnam kuwa yametokana na sumu ya kuua mimea iliyonyunyizwa huko.

Kwa mstaafu wa Tseikuru, hatua ya kwanza ni kutafuta kumbukumbu zake za matibabu ya jeshini. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 humpa haki ya kuziomba kwa maandishi. Ofisi ya umma hutakiwa kujibu ndani ya siku 21, ingawa habari zinazogusa usalama wa taifa zinaweza kuzuiwa.

Hatua ya pili ni kumpelekea daktari kumbukumbu hizo kabla ya kumwomba ripoti. Ripoti yenye nguvu hutaja nyaraka alizosoma, vipimo alivyofanya, kiwango cha ulemavu na sababu za kuuhusisha na utumishi. Sentensi moja kwamba mgonjwa "anasema aliumia jeshini" haina uzito, kwani ni maneno ya mgonjwa mwenyewe.

Iwapo ombi litakataliwa, Kifungu cha 47 cha Katiba humpa mdai haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sababu hizo ndizo zitakazomwonyesha ni lipi kati ya mambo yale matatu lililopungua, na kama linaweza kujazwa kabla ya kukata rufaa.