Ushuru wa Forodha kwa Vitu Vinunuliwavyo Ng'ambo

Siku hizi watu wengi wa Mombasa, wake kwa waume, hununua vitu kutoka nchi za ng'ambo pasipo kuondoka nyumbani. Mtu huketi barazani kwake Mji wa Kale, akafungua simu yake, akatazama bidhaa za duka lililoko China, Uingereza au Dubai, akachagua akitakacho na kulipa. Jambo hili lina manufaa, lakini limewatia wengine hasarani, kwa sababu walidhani kwamba bei waliyoiona katika simu ndiyo bei yote. Kifurushi kinapofika hudaiwa fedha zaidi, nao hufikiri kwamba wanaibiwa. Yafaa kila mtu afahamu fedha hizo ni za nini na jinsi zinavyohesabiwa.

Ushuru wa forodha si jambo geni katika kisiwa hiki. Tangu zamani majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi yalitia nanga Bandari ya Kale, na shehena zao zilipita forodhani kabla ya kufika madukani. Katika mkataba alioufanya Seyyid Said na Marekani mwaka 1833, ushuru uliwekwa kuwa asilimia 5. Tofauti ni kwamba zamani aliyelipa alikuwa tajiri mwenye kujua hesabu zake. Leo mtu anunuaye kitu kimoja tu kwa matumizi yake mwenyewe huhesabiwa kisheria kuwa mwagizaji wa bidhaa.

Viwango vya ushuru haviwekwi na Kenya peke yake. Tangu Januari 2005 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekuwa na umoja wa forodha. Kwa kawaida malighafi hazitozwi kitu, bidhaa ambazo hazijakamilika hutozwa asilimia 10, na zilizokamilika asilimia 25. Mwezi wa Julai 2022 liliongezwa daraja la asilimia 35 kwa bidhaa kadha wa kadha zinazoweza kutengenezwa hapa hapa, kama vile nguo na fanicha. Kusudi lake ni kwamba cherehani ya fundi na randa ya seremala wa hapa zisikose kazi.

Jambo linalowapotosha wengi ni kwamba ushuru hauhesabiwi juu ya bei ya kitu peke yake. Kwa mzigo uletwao kwa meli, Bwana Forodha hujumlisha bei, nauli ya mzigo na bima, na jumla hiyo ndiyo thamani ya forodha. Mathalani, mfanyabiashara mdogo ameagiza kifaa cha Sh. 8,000, nauli ni Sh. 1,800 na bima Sh. 200. Thamani ya forodha ni Sh. 10,000. Kama kifaa hicho kimo katika daraja la asilimia 25, ushuru ni Sh. 2,500. Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 16, huhesabiwa juu ya thamani hiyo pamoja na ushuru, yaani Sh. 12,500, nayo ni Sh. 2,000. Kisha, kwa viwango vilivyowekwa kufikia mwisho wa mwaka 2024, iko ada ya kutangaza bidhaa, asilimia 2.5, ambayo ni Sh. 250, na tozo ya maendeleo ya reli, asilimia 2, ambayo ni Sh. 200. Tozo hiyo ilianzishwa mwaka 2013 kwa ajili ya reli mpya, ile ianziayo Miritini kwenda Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017.

Jumla ya malipo hayo ni Sh. 4,950, na kifaa kimemgharimu Sh. 14,950. Kama alikusudia kukiuza kwa Sh. 14,000, amepoteza Sh. 950 kabla hajafungua duka.

Wengine humwomba muuzaji aandike kwamba kitu ni zawadi, au aandike bei ndogo. Shauri hilo ni la hatari. Jina la zawadi peke yake haliondoi ushuru, na kutoa hati za uongo ni kosa kwa sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004. Mali yaweza kutwaliwa, na mwenyewe akashitakiwa.

Tena wako walaghai wanaopiga simu wakidai kwamba kifurushi kimezuiwa forodhani, na kwamba fedha zipelekwe upesi kwa namba ya mtu binafsi. Ushuru halali hulipwa kwa hati ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya, na mlipaji hupata risiti.

Basi kabla ya kununua, yampasa mtu aulize mambo manne: kitu chake kimo katika daraja gani, nauli na bima ni kiasi gani, kama muuzaji amekwisha kutia ushuru katika bei yake, na mchukuzi au wakala atatoza nini kwa kazi yake. Wakala atozaye kwa kilo aulizwe waziwazi kama ushuru umo ndani ya bei hiyo. Hati ya bei na risiti ya malipo zihifadhiwe, maana ndizo zitakazomtetea mwenye mali bei yake ikitiliwa shaka. Afanyaye hesabu hizo mapema huweza kuona kwamba kitu hicho hicho, kikinunuliwa katika duka la Mombasa, kingekuwa rahisi zaidi.