Mashindano ya blackjack: wa kushinda ni jirani wa meza

Kwa kawaida, blackjack ni mutu na kazino. Unaweka jetoni, unapata karata mbili, unaomba zingine, unatafuta kukaribia 21 kupita krupie, yule mwenye kugawa karata, bila kupita 21 yenyewe. Wengine wenye kukaa pale hawakuhusu.

Kwenye mashindano, mambo inageuka. Kila mutu analipa franga ya kuingia, wote wanaanza na jetoni sawa, na duru zinahesabiwa. Ku mwisho, mwenye jetoni mingi njo anaendelea. Krupie anaweza kula meza yote. Kama wewe umepoteza kidogo kupita wengine, umeshinda. Hata Mike Aponte, mujuzi wa kuhesabu karata aliyeshinda World Series of Blackjack kule Marekani mwaka 2004, alipaswa kuangalia pia jetoni za wenzake.

Tuchukue mufano. Imebaki duru moja. Kuweka ni tangu 10 mpaka 500. Uko na 1200, mwenzako 1000. Yeye anaweka wa kwanza: 500. Ukiweka 10 tu na yeye akishinda, anafika 1500, amekupita. Weka 310. Mukishinda wote, uko na 1510, yeye 1500. Mukipoteza wote, uko na 890, yeye 500. Na mara mingi munashinda ao munapoteza pamoja, juu wote munapambana na karata zilezile za krupie. Hatari kubwa yenye kubaki ni yeye ashinde, wewe upoteze.

Sasa geuza. Wewe njo uko na 1000, na mwenye 1200 ameweka 500 mbele yako. Usimufuate. Weka 10: akipoteza anabaki na 700, wewe hata ukipoteza uko na 990. Mwenye kuwa mbele anatafuta matokeo sawa. Mwenye kuwa nyuma anatafuta matokeo tofauti.

Njo maana kuweka wa mwisho ni faida kubwa. Mwanzo wa kuweka unazunguka meza; mbele duru za mwisho zifike, hesabu nani ataweka nyuma yako.

Lakini usipeleke hesabu hii ku meza ya kawaida. Pale hakuna jirani wa kupita, na kuweka mingi juu uko nyuma ni kuongezea kazino faida. Hata kwenye mashindano, wengi wanarudia nyumbani bila franga ya kuingia. Lipa ile tu unaweza kukosa bila watoto kulala njaa.