TEKNOLOJIA: Sauti ya ukumbi wa sinema kwa hedifoni za kawaida

WAPENZI wa filamu wanaotazama kwa tarakilishi hukumbwa na kero moja: picha ni safi, lakini sauti ni kana kwamba imefungiwa ndani ya kichwa. Helikopta inayopaswa kusikika ikipita nyuma ya kiti inavuma utosini, nayo maneno ya waigizaji yanamezwa na muziki.

Wauzaji wa vifaa vya elektroniki wana jibu la haraka: nunua spika sita, au vipokea-sauti vya masikioni, yaani hedifoni, vilivyoandikwa "7.1" kwenye kasha. Spika sita katika chumba cha kupanga ni ugomvi na jirani. Nazo hedifoni hizo, aghalabu, zina spika moja tu kwa kila sikio, sawa na zile ulizo nazo tayari. Kazi yenyewe hufanywa na programu.

Kabla ya kutoa pesa mfukoni, ni vyema kufahamu programu hiyo hufanya nini.

MASIKIO MAWILI YATOSHA

Binadamu ana masikio mawili tu, na kwa hayo hutambua iwapo sauti inatoka mbele, nyuma, juu au kando. Mwaka wa 1907, mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1904, alieleza kwamba ubongo hutegemea ishara mbili.

Ya kwanza ni wakati. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde. Matatu ikipiga honi upande wako wa kulia, mlio hufika sikio la kulia kwanza, kisha la kushoto baada ya takriban sehemu 7 kati ya 10,000 za sekunde. Muda huo ni mfupi kuliko kufumba na kufumbua, lakini ubongo huunasa.

Ya pili ni nguvu. Kichwa hukinga sauti, hasa zile nyembamba, hivyo sikio lililo upande wa pili hupata mlio hafifu zaidi.

Hata hivyo, sauti iliyo mbele yako kabisa na ile iliyo nyuma yako kabisa hufikia masikio yote mawili kwa wakati mmoja na kwa nguvu sawa. Hapo ndipo mikunjo ya sikio la nje inapofaa. Mikunjo hiyo huongeza baadhi ya sauti na kupunguza nyingine, kutegemea upande zinakotoka, na ubongo umejifunza kuisoma tofauti hiyo tangu utotoni.

Hedifoni huvuruga utaratibu huo. Sauti ya kushoto huingia sikio la kushoto pekee, haizunguki kichwa wala haipitii mikunjo kama kawaida. Ubongo ukikosa ishara ulizozizoea, huamua kwamba sauti imo kichwani.

KAZI YA PROGRAMU

Filamu nyingi hurekodiwa kwa mikondo sita ya sauti, mpangilio unaoitwa "5.1". Mitatu ni ya mbele: kushoto, kulia na katikati, ambako mazungumzo mengi huwekwa. Miwili ni ya kando na nyuma, na mmoja ni wa mingurumo mizito kama vile milipuko.

Programu huchukua kila mkondo, ikaucheleweshea sikio moja, ikaupunguza nguvu na kuubadilisha umbo, jinsi ambavyo ungefika iwapo spika halisi ingekuwa mahali pake chumbani.

Vipimo vya kufanyia hesabu hiyo hupatikana kwa kutia vipaza-sauti ndani ya masikio ya sanamu. Mwaka wa 1994, Bill Gardner na Keith Martin wa chuo cha MIT, Marekani, walipima sanamu iitwayo KEMAR kutoka pande 710 na kuyatoa matokeo bila malipo.

Katika miaka ya 2000, watazamaji wa DVD waliipata teknolojia hii kupitia Dolby Headphone, iliyobuniwa na kampuni ya Lake Technology ya Australia na kutiwa katika programu ya PowerDVD. Tangu mwaka wa 2017, Windows 10, na baadaye Windows 11, huja na Windows Sonic for Headphones, isiyolipiwa chochote zaidi. Dolby Atmos for Headphones hulipiwa.

HATUA ZA KUFUATA

Chomeka hedifoni, kisha fungua mipangilio ya sauti ya Windows. Chagua hedifoni zako, tafuta sehemu ya sauti ya pande zote, na uteue Windows Sonic for Headphones.

Pili, hakikisha kwamba filamu ina mikondo sita na kwamba programu unayotazamia imeruhusiwa kuitoa yote. Video nyingi za mtandaoni zina mikondo miwili tu. Hapo programu haina cha kutandaza, na lawama si ya hedifoni.

Tatu, tumia programu moja pekee. VLC, mathalan, ina kichujio chake cha kazi hii. Ukikiwasha pamoja na kile cha Windows, sauti hupikwa mara mbili na kutoka kama iliyo ndani ya pipa.

Aidha, usitarajie miujiza. Masikio ya watu hayafanani, na huenda sanamu iliyopimwa haifanani nawe. Baadhi ya wasikilizaji huchanganya mbele na nyuma, hasa kwa kuwa ukigeuza kichwa, sauti zote hugeuka nawe. Ikiwa programu moja haikufai, jaribu nyingine kabla ya kulipia yoyote.

LINDA MASIKIO

Manufaa makubwa ni kwamba mazungumzo yakipata mahali pake mbele yako, hulazimiki kuongeza sauti ili kuyasikia. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda uo huo.

Kwa hivyo, chagua kwanza tukio la filamu unalolijua vyema, punguza sauti, kisha uwashe programu na kuizima huku ukilinganisha. Masikio yako ndiyo yatakayoamua iwapo kuna haja ya kurudi dukani. Hedifoni hununuliwa upya. Uwezo wa kusikia ukishaharibiwa na kelele, haurudi.