VYUMA VYA MGONGO: TUULIZE NINI KABLA YA MCHANGO

Wanavikundi wapendwa, barua za kuomba mchango wa upasuaji wa mgongo hutufikia, na kiasi kinachotajwa hushtua. Wengi huuliza: hivyo vyuma hufanya kazi gani hasa?

Mgongo umepangwa pingili juu ya pingili, na katikati yake kuna diski, kama mto ulio mgumu pembeni na laini ndani. Umri ukisonga, diski hukauka na kuwa nyembamba. Za kiunoni ndizo huchoka sana kwa kuwa ndizo hubeba uzito. Pengine neva hubanwa hapo, maumivu yakateremka mpaka mguuni.

Upasuaji wa kuunganisha hufanya pingili mbili ziwe mfupa mmoja. Kwa kawaida daktari hutia skrubu mbili kwa kila pingili, kulia na kushoto, akazishikanisha kwa vijiti vya chuma, mara nyingi titaniamu. Mara nyingine huondoa diski na kutia mahali pake kijisanduku cha titaniamu au plastiki ngumu, kilichojazwa vipande vya mfupa, pengine vya nyonga ya mgonjwa mwenyewe.

Sasa, hapa ndipo watu hupotea. Chuma hakiponyi. Aliyewahi kufungwa plasta mguuni anajua: plasta hushika tu, mfupa hujiunga wenyewe. Vyuma vya mgongo ni hivyo hivyo, ila viko ndani. Kujiunga huchukua miezi kadhaa, pengine mwaka na zaidi. Mfupa usipojiunga, skrubu zaweza kulegea au kijiti kuvunjika, hata kama vilinunuliwa ghali namna gani, maana chuma kikipindwa kila siku huchoka. Sigara huzuia mfupa kujiunga (na ugoro, wazee wangu, una nikotini ile ile). Mitungi ya maji na mizigo ya kuni ingoje mpaka daktari aruhusu. Kwa hivyo kikundi kikichangia pesa za hospitali bila kupanga ni nani atamtekea huyo mama maji miezi hiyo yote, kimefanya nusu ya kazi.

Je, kila diski iliyochakaa ipasuliwe? Hapana. Hata watu wasio na maumivu wakipigwa picha, wengi huonekana nazo. Huko Uswidi, utafiti wa wagonjwa 294 uliotolewa 2001 ulionyesha waliopasuliwa walipata nafuu kuliko waliopewa tiba ya kawaida. Lakini mwaka wa 2002 ilionekana kwamba waliowekewa vyuma, ingawa mifupa yao ilijiunga zaidi, hawakupungukiwa na maumivu kuliko waliounganishwa bila vyuma. Norwe nako, 2003, mazoezi pamoja na mafundisho yalikaribiana na upasuaji.

Basi mwulizeni daktari: neva imebanwa, ama ni maumivu ya kiuno tu? Mazoezi yamejaribiwa kwa muda gani? Bei ya vyuma imo ndani ya hesabu, ama itanunuliwa kando? Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua mahali pa NHIF; ulizeni mapema italipa kiasi gani, na mpate jibu kwa maandishi.

Mgonjwa akiwa na homa, jasho la usiku na kukonda, apimwe TB ya mgongo, ambayo hutibiwa hasa kwa dawa. Na yule anayeshindwa kuzuia mkojo au choo, au amekufa ganzi katikati ya mapaja, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje harambee.